Bao lililojaa kete

Namba yenyewe ni 4,294,967,295. Bilioni nne na ushei. Ukiitazama hivi hivi haina sura: haiishii na masufuri, tarakimu zake hazifuati mpango wowote, na mtu akiambiwa ataje namba kubwa yoyote, hii haimjii. Mimi imenikaa kichwani miaka sasa, na ilivyoanza ni mambo ya kazini tu.

Nina kibanda Chake Chake. Narekodi harusi, nasafisha kompyuta zenye virusi, nafunga ruta majumbani mwa watu, na katikati ya hayo natia nyimbo kwenye flashi. Kuna mteja alikuja na flashi mpya ya GB 32, anataka video ya harusi ya dada yake. Sharti lake lilikuwa moja: nikahi msikitini, bwana harusi kuingia, mpaka kukata keki, vyote viwe faili moja, kwa sababu mama yake mtu mzima hataki kuhangaika na rimoti. Nikamtengenezea. Faili likatoka GB tano na kidogo. Kulihamishia kwenye flashi, kompyuta ikakataa: faili ni kubwa mno.

"Kaka, flashi ya thelathini na mbili haiwezi kubeba tano? Au nimeuziwa feki?"

Haikuwa feki. Flashi nyingi za ukubwa huo hutoka dukani zimepangwa kwa mfumo uitwao FAT32, na katika mfumo huo ukubwa wa kila faili huandikwa kwenye nafasi ya biti 32, yaani vituo 32 ambavyo kila kimoja ni 0 au 1, basi. Faili moja linaweza kufika baiti 4,294,967,295. Likizidi baiti moja haliingii, hata kama flashi nzima ni tupu. Nikaipanga upya kwa mfumo wa exFAT, faili likaingia, na mteja akaondoka huku bado ananitazama kwa jicho la shaka.

Biti 32. Kwa mtu wa huku kwetu, thelathini na mbili ni mashimo ya bao. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Ami yangu, ambaye ni seremala asubuhi na mchezaji bao baada ya laasiri, ana bao la mti mzito na kete za komwe zilizong'aa kwa kushikwa. Kwenye bao hilo ndiko nilikoielewa namba hii, na nitaieleza hapa kwa bao hilo hilo, maana sijaona njia nyepesi zaidi.

Chukua bao tupu. Weka kando sheria zote za namua na mtaji. Shimo liwe tupu au liwe na kete moja, hakuna la tatu. Kila shimo lina thamani yake. Anza kwenye kichwa cha kushoto cha safu yako ya mbele: hilo thamani yake ni 1. La pili 2, la tatu 4, la nne 8, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Nyumba, ambayo ni shimo la tano, inaangukia 16. Shimo la nane ni 128. Ukimaliza safu ya mbele ingia safu ya nyuma, kisha vuka upande wa mwenzio, mpaka shimo la 32, ambalo peke yake lina thamani ya 2,147,483,648.

Kwa mpango huu unaandika namba yoyote utakayo. Ukitaka 5, tia kete kwenye 1 na kwenye 4. Ukitaka 100, tia kwenye 64, kwenye 32 na kwenye 4. Hakuna namba yenye njia mbili. Sasa tia kete moja moja katika mashimo yote. Umetumia nusu ya kete zako, na bao linasomeka 4,294,967,295. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa hapo.

Ami alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kete moja kila shimo? Hilo bao halichezeki, mwanangu." Kisha akauliza alilokuwa nalo moyoni: "Na nikiongeza moja?"

Ukiongeza moja, shimo la kwanza linakuwa na kete mbili, na mbili haziruhusiwi. Zote mbili zinatoka na moja inaingia shimo la pili. La pili nalo sasa lina mbili: zinatoka, moja inaingia la tatu. Mchezaji bao hahitaji kuelezwa zaidi, amekwisha kuona mkono unavyokwenda. Unapita safu ya mbele, safu ya nyuma, unavuka ng'ambo, unafika shimo la 32, na hapo kete inataka kwenda shimo la 33, ambalo halipo. Bao lote limebaki jeupe. Umeongeza moja kwenye bilioni nne na ushei, umepata sufuri. Ile video ya GB tano, lau mfumo ungeipokea hivyo hivyo, ukubwa wake ungesomeka kama GB moja na kidogo, na harusi ingekatika kabla ya keki. Afadhali ikatae mlangoni.

Mpaka hapa ni mambo ya kompyuta, na ningeweza kuishia hapo. Ila nilitaka kujua vigawo vya namba hii, yaani namba zipi zinaigawa bila kubaki kitu. Kwa hesabu za skuli unapata viwili upesi: inaishia na 5, kwa hivyo 5 inaigawa, na jumla ya tarakimu zake ni 57, kwa hivyo 3 nayo inaigawa. Baada ya hapo skuli inakuacha njiani. Bao halikuachi.

Tazama mashimo mawili ya mwanzo: 1 na 2, jumla 3. Mawili yanayofuata ni 4 na 8, yaani yale yale ya mwanzo, kila moja mara nne. Kwa hivyo mashimo manne ni 3 pamoja na mara nne ya 3, jumla mara tano ya 3, ndiyo 15. Nusu ya pili ya safu ni nusu ya kwanza mara 16, kwa hivyo safu nzima ni 15 × 17, sawa na 255. Safu ya nyuma ina thamani ya safu ya mbele mara 256, kwa hivyo upande wako wote ni 255 × 257, sawa na 65,535. Na upande wa mwenzio ni upande wako mara 65,536. Bao zima, basi, ni 65,535 × 65,537.

Kusanya ulivyozidisha njiani: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Hakuna kilichobaki nje. Na zote tano ni namba tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Namba iliyoonekana haina mpango imepasuka vipande vitano safi, hakuna kipande kilichojirudia, na kila kimoja kimezidi kwa moja tu juu ya 2, 4, 16, 256 na 65,536.

Namba hizi tano zina historia. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hesabu kwa mapenzi tu, aliziandikia wenzake mwaka 1640. Aliona kwamba ukichukua 2 ukaipandisha kwa kipeo cha 1, cha 2, cha 4, cha 8, cha 16, kipeo kikijizidisha mara mbili kila hatua, kisha ukaongeza 1, unapata namba tasa kila mara. Akaamini mlolongo hautakatika. Uthibitisho hakuwa nao, lakini imani yake ilikuwa kubwa. Inayofuata ni kipeo cha 32: 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Ni jirani wa namba yetu, hatua mbili mbele.

Imani hiyo ilikaa karibu karne nzima. Mwaka 1732 Leonhard Euler, wakati huo yuko St. Petersburg na ana umri wa miaka 25, alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 × 6,700,417. Mlolongo umekatika hatua ya kwanza tu baada ya zile tano.

Mtu anaweza kudhani Euler aligawa kwa kila namba tasa kuanzia 3 mpaka akabahatisha. Sivyo. Ilivyo ni kwamba kigawo chochote cha namba hiyo lazima, kikigawanywa kwa 64, kiache baki 1. Kwa hivyo orodha ya kujaribu ni fupi: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano limepata. (Ndiyo, 64, kama kete za bao. Hiyo ni sadfa, na sitaki kumuuzia mtu ushirikina.)

Uthibitisho kwamba 641 inagawa uko mfupi hata unaingia nyuma ya risiti, na mimi naupenda kuliko hesabu nyingine yoyote niijuayo. Namba 641 ina sura mbili. Ya kwanza: 641 = 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Ya pili: 641 = 625 + 16, na hizo ni 5⁴ na 2⁴. Sasa hesabu kwa mabaki tu, kila unapofika 641 unaihesabu kuwa sufuri. Kwa sura ya kwanza, 5 × 2⁷ ni hasi 1. Izidishe kwa yenyewe mara nne, hasi zinafutana: 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Lakini kwa sura ya pili 5⁴ ni hasi 2⁴. Ibadilishe: hasi 2⁴ × 2²⁸, yaani hasi 2³², ni 1. Maana yake 2³² ukiiongezea 1 inakuwa sufuri. Imegawika. Hakuna kugawa kwa mkono, hakuna mashine, na namba yenyewe ina tarakimu kumi.

Ukizidisha namba yetu kwa jirani huyo aliyemwangusha Fermat, unapata 18,446,744,073,709,551,615. Waliosoma hadithi ya sataranji wataitambua: punje moja nyumba ya kwanza, mbili ya pili, nne ya tatu, mpaka nyumba ya 64. Mwanachuoni al-Biruni aliipiga hesabu hiyo zaidi ya miaka elfu iliyopita. Ni mabao mawili yaliyounganishwa, mashimo 64 yote yana kete moja, na hoja ile ile ya nusu kwa nusu inafanya kazi: bao la pili ni bao la kwanza mara 4,294,967,296.

Sasa twende kwenye banda la ami, kwa sababu huko ndiko namba hii inakofanya kazi ambayo sikuitarajia.

Ami hupokea kazi za nakshi: fremu za vioo, masanduku, meza za hoteli. Chombo chake cha kugawia duara ni bikari, na ya pili ni rula. Sita kwake ni salamu. Anafungua bikari kwa kipimo kile kile cha duara, anatembea nayo ukingoni, hatua sita zinamrudisha alipoanza. Kutoka sita anapata tatu kwa kuruka, na kumi na mbili kwa kukata katikati. Nne na nane nazo ni kukata katikati. Tano ina kazi kidogo lakini inakubali. Siku hoteli moja ilipomwagiza meza ya chai yenye pande na pembe saba zilizo sawa, ndipo nilipomkuta anasonya.

Alikuwa anatumia njia ya mafundi: unachora pembetatu iliyo sawa ndani ya duara, unachukua nusu ya upande wake, na kipimo hicho ndicho upande wa pembe saba. Anatembea hatua saba, na ya saba haifiki. Kwenye duara la nusu kipenyo ya sentimita 60, inabaki nafasi ya milimita 8 hivi. Kwenye karatasi si kitu. Kwenye mbao inayotazamwa na mgeni aliyelipia, ni ufa. Basi anaibana bikari kidogo, anatembea tena, anaifungua kidogo, anatembea tena, mpaka macho yanakubali.

Nilimwambia kosa si lake. Kwa rula isiyo na alama na bikari peke yake, saba haipatikani. Simaanishi haijapatikana, haipatikani milele, na imethibitishwa. Bikari na rula, hata ukizichezea namna gani, kila hatua mpya zinachoweza kukupa ni kipeuo cha pili cha ulichonacho. Zinajua mbili, na mbili ya mbili, na mbili ya hiyo. Saba inadai kitu cha tatu.

Wagiriki wa kale walijua kuchora pembe 3, 5, na 15 kwa kuzichanganya hizo mbili, pamoja na zile za kukata katikati. Kwa miaka elfu mbili hakuna aliyeongeza umbo hata moja. Kisha tarehe 30 Machi 1796, kijana wa Kijerumani aitwaye Carl Friedrich Gauss, mwezi mmoja kabla hajatimiza miaka 19, akagundua kwamba pembe 17 zinachorika. Ndiyo iliyomfanya achague hesabu akaacha masomo ya lugha. Mwaka 1801 akaandika kanuni nzima: umbo lenye pembe idadi ya witiri linachorika ikiwa idadi hiyo ni namba tasa za Fermat zilizozidishwa pamoja bila kurudia. Kwamba mengine hayachoriki, alithibitisha Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837. Kwa hivyo 7 haimo, kwa sababu si tasa ya Fermat. Na 9 haimo, kwa sababu ni 3 × 3, tasa ile ile imerudiwa.

Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni ngapi? Tano tu, zile zile. Chukua moja, chukua mbili, chukua tatu, zizidishe upendavyo. Ukizichukua zote tano unafika kwenye bao lililojaa. Kwa elimu iliyopo leo, umbo la witiri lenye pembe nyingi kuliko yote linalochorika kwa rula na bikari lina pembe 4,294,967,295.

"Mwambie hoteli waagize hilo," ami akasema.

Hakuna atakayeliona. Chora duara la kuizunguka Pemba nzima, kipenyo kilometa 70, kisiwa chote kiwe ndani. Kila upande wa umbo hilo ungekuwa sehemu tano za mia za milimita. Hata hivyo tofauti na pembe saba iko pale pale: hili lina njia ya uhakika, hatua kwa hatua, na saba haina. Kuna watu walioipa kazi ya aina hii umri wao. Friedrich Richelot aliandika njia ya pembe 257 mwaka 1832. Johann Hermes akaishika 65,537, akakaa nayo miaka kumi, akaimaliza 1894. Karatasi zake, zaidi ya kurasa mia mbili, zilihifadhiwa sandukuni katika chuo kikuu cha Göttingen. Kuna wanaomcheka. Mimi nafanya kazi na watu wanaohariri video ya harusi ya saa nne picha kwa picha, simcheki.

Zile njia za kuchagua katika namba tano, kila moja unaichukua au unaiacha, ni 2⁵, yaani 32. Kwa hivyo namba yetu ina vigawo 32 kamili, ukihesabu na 1 na yenyewe. Mashimo 32, vigawo 32. Hapa sisemi sadfa, kwa sababu unaweza kuvitoa vigawo hivyo kwa kutembeza kete.

Bandika mabao mawili upate safu nane za mashimo manane. Kila safu isome peke yake, kuanzia kushoto: 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Safu ya kwanza tia kete moja tu, kwenye shimo la kushoto kabisa. Kila safu inayofuata ina sheria hii: tazama shimo lililo juu yako na jirani yake wa kushoto, ikiwa mmoja tu kati yao ana kete, tia kete, wakiwa nazo wote au hawana wote, acha tupu. Safu ya pili inasomeka 3. Ya tatu 5. Ya nne imejaa mashimo manne, 15. Ya tano ina kete mbili mbalimbali, 17. Kisha 51, ambayo ni 3 × 17. Kisha 85, ambayo ni 5 × 17. Ya nane imejaa yote, 255. Lau ungekuwa na uwanja wa safu 32 zenye mashimo 32, ungepata vigawo vyote vya 4,294,967,295 kwa mpangilio, kutoka kidogo mpaka kikubwa, na ya mwisho ni bao lililojaa. Ukirudi nyuma ukatazama kete zilivyokaa, ni pembetatu ndani ya pembetatu ndani ya pembetatu. Ni ile pembetatu ya namba, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake, aliyoijua al-Karaji wa Baghdad zama za al-Biruni, ila umebakisha witiri tu ukafuta shufwa.

Jambo moja jingine, nalipita haraka. Andika namba zote kuanzia 1 mpaka 4,294,967,295, kisha futa kila iliyo na kigawo cha pamoja nayo, isipokuwa 1. Zinabaki 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536, ambazo ni 2,147,483,648: thamani ya shimo la 32 peke yake. Ni mbili tupu zilizozidishwa, hakuna kingine ndani. Hiyo hasa ndiyo alama ambayo bikari inaitafuta. Kwa 7 zinabaki 6, na ndani ya 6 mna 3, ndipo ami anaposonya.

Wanaokutana na namba hii bila kujua ni wengi. Ukiweka ruta utaona 255.255.255.0 mahali fulani. Hizo 255 ni safu zilizojaa, na 255.255.255.255 ni bao zima, anwani ya mwisho kabisa ya mtandao wa mpango wa zamani. Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, amesema biti 32 zilichaguliwa kwa ajili ya majaribio. Majaribio yakawa dunia. Mpango ulipotangazwa mwaka 1981, watu duniani walikuwa tayari wameshapita idadi ya anwani. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho yaligawiwa kwa mabara, na la Afrika likaenda kwa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za Afrika, huko Morisi.

Saa nazo. Kompyuta nyingi zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na zile zenye bao la mashimo 32 yote yakitumika zitajaa tarehe 7 Februari 2106, siku ya Jumapili, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa zetu. Zile zinazoacha shimo moja kwa ajili ya alama ya hasi zitajaa mapema zaidi, Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na robo kasoro dakika moja asubuhi. Hiyo ya pili baadhi yetu tutakuwepo kibandani kuijibia simu. Sekunde bilioni nne na ushei ni miaka 136: aliyeanza kuhesabu moja moja mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, angemaliza 2026.

Haya ya mashine yatapita. Kompyuta mpya zina mashimo 64, anwani mpya zina 128, na siku hizi hata flashi nakuta nyingine zimetoka dukani na exFAT. Kinachoifanya namba hii inikae ni ile nyingine, ya kuwa mwisho wa orodha.

Ami ndiye aliyeuliza, bikari mkononi: hizo tasa tano, nani kasema hakuna ya sita?

Hakuna aliyesema. Baada ya Euler watu waliendelea na mlolongo wa Fermat, na kila waliyoweza kuipima kutoka kipeo cha 32 kwenda mbele si tasa. Kuna kipimo kizuri cha Mfaransa Théophile Pépin cha mwaka 1877, kinachotoa jibu la ndiyo au la hata bila kujua kigawo, lakini namba zinakua mno. Ya kwanza ambayo hali yake haijulikani ni ile yenye kipeo cha 2³³: tarakimu zake zinapita bilioni 2.5. Wanahisabati wengi wanadhani haipo ya sita, nami nadhani hivyo, ila hiyo ni dhana, na Fermat naye alikuwa na dhana.

"Na ikipatikana?"

Ikipatikana, utaizidisha kwa 4,294,967,295, na umbo kubwa la witiri litakuwa hilo jipya, lenye pembe ambazo idadi yake ukiiandika ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5. Namba yangu itashuka cheo, ibaki ukomo wa video za harusi.

"Saba je, itachorika?"

Saba bado, ami.